Springi ya gramu 60 inaniambia sentimita 117.7: Excel imenidanganya au ni mimi?

#1 Chekecheke
Wakuu, nimekwama. Nina jaribio dogo la springi, unaning'iniza uzito unapima urefu. Namba zangu ni hizi, kushoto gramu, kulia sentimita:

10 – 12.1
20 – 12.9
40 – 15.2
50 – 16.0
80 – 18.8
100 – 21.0

Nikachora grafu, nikaongeza mstari wa mwelekeo, nikaweka tiki ya kuonyesha mlinganyo na R² (kipimo cha jinsi nukta zilivyoukaribia mstari). Ikaja y = 1.8x + 9.7, R² = 0.9726. Nikafurahi, 0.97 si mchezo. Ripoti nikaituma.

Aliyeipokea akauliza swali moja tu: gramu 60 je? Nikaweka 60 mahali pa x, ikaja 117.7. Yaani springi ambayo kwa gramu 50 ina sentimita 16, na kwa gramu 80 ina 18.8, hapo katikati inaruka kupita mita moja halafu inarudi. Ripoti imerudi na alama ya kuuliza nyekundu, kubwa kuliko kichwa cha habari.

Nimejaribu fomula ya SLOPE, ile inayotoa mteremko wa mstari, kwenye seli, inasema 0.10. Programu moja, data ileile, majibu mawili. Nani muongo?

#2 Mkaa_Pembeni
Hiyo springi uniuzie, nitaifanya ngazi.

#3 NuktaMkato
Umegeuza x na y. SLOPE inataka y kwanza halafu x, wakati grafu inachukua safu ya kushoto kuwa x. Watu wote wanaanguka hapo. Geuza.

#4 Bi_Kikokotoo
#3 pole pole. Kweli SLOPE inaanza na y, na hilo limeshaniliza mwenyewe. Ila hapa hajageuza. Angegeuza angepata 10.14, si 0.10. Piga hesabu kwa mkono uone, ni rahisi kwa sababu wastani wake umekaa vizuri. Wastani wa gramu ni 50, wa sentimita ni 16. Kila gramu itoe 50: unabaki na −40, −30, −10, 0, 30, 50. Kila urefu utoe 16: −3.9, −3.1, −0.8, 0, 2.8, 5. Zidisha jozi kwa jozi ujumlishe, unapata 591. Zile za gramu zipige mraba ujumlishe, 6000. 591 gawa kwa 6000 ni 0.0985. Huo ndio mteremko. Mstari lazima upite kwenye wastani wote wawili, kwa hiyo 16 toa 0.0985 × 50 ni 11.075, pale unapokata mhimili wa y.

Kwa gramu 60 utapata 16.985, yaani sentimita 17. Springi yako haina kosa.

#5 Chekecheke
Dada Kikokotoo asante sana. Kumbe SLOPE ndiyo mkweli. Sasa grafu imetoa wapi 1.8?

#6 MzeeWaJedwali
Hilo jibu lake ni la zamani kama programu yenyewe. Ulichagua grafu ya Line (ya mistari) badala ya Scatter (ya nukta). Line haijui kwamba 10, 20, 40 ni namba, inaziona kama majina tu, sawa na kuandika Juma, Asha, Rajabu. Inazipanga kwa umbali sawa na kuzihesabu 1, 2, 3, 4, 5, 6. Mstari wa mwelekeo nao unachukua hizo 1 hadi 6 kuwa x. Nimejaribu sasa hivi na namba zako, imetoka y = 1.8x + 9.7 kamili. Kesi imefungwa.

#7 Pembe3
Mzee, usifunge kesi mapema. Kuna mlango wa pili wa kuingilia chumba hichohicho. Hata ukichagua Scatter, kama seli MOJA tu ya x ni maandishi, Excel inaacha kuzisoma x zote na kuanza kuhesabu 1, 2, 3. Mtu kaandika "40g" badala ya 40, basi. Au kabandika kutoka kwenye ukurasa wa wavuti ikaja na ile nafasi isiyoonekana mwishoni. Kwa macho ni 40, kwa programu ni neno. Nayo itakupa 1.8x + 9.7 ileile.

#8 MzeeWaJedwali
#7 angekuwa na maandishi SLOPE ingegoma.

#9 Pembe3
Haigomi mzee. LINEST, fomula nyingine ya kutafuta mstari, ndiyo inagoma, inakupa #VALUE!. SLOPE inaruka ile jozi kimyakimya na kuendelea na zilizobaki, haina habari.

#10 Desimali
Nimekaa nimesoma kuanzia #1. Hili linapimika. Kama #6 yuko sahihi, SLOPE ilisoma jozi zote sita na jibu ni 0.0985. Kama #7 yuko sahihi na seli mbovu ni ya 40, SLOPE ilisoma jozi tano na jibu ni 0.0989 (nimeikokotoa). Mleta mada katuambia 0.10, ambayo yote mawili yakikadiriwa kwa desimali mbili yanakuwa 0.10. Chekecheke, bonyeza ile seli, ongeza desimali ziwe nne, utuambie.

Na hapo hapo andika =COUNT(A2:A7). Ikikupa 6, namba zote ni namba. Ikikupa 5, kuna mamluki.

#11 Mkaa_Pembeni
Mamluki kwenye jedwali 😂

#12 Kibatari
Mbona mnahangaika? R² ni 0.97. Ikiwa juu ya 0.9 mstari ni mzuri, tulifundishwa hivyo. Labda mwenye ripoti ndiye haelewi.

#13 Bi_Kikokotoo
#12 hapana ndugu yangu. R² inakwambia nukta zimeukaribia mstari kiasi gani kwa hizo x ulizoipa. Ukiipa x za uongo nayo inapima uongo huohuo kwa uaminifu. Hapa urefu unapanda kila hatua, kwa hiyo hata ukizihesabu 1 hadi 6 bado zinapanda, na unapata 0.9726. Kwa x za kweli ni 0.9985. Zote "juu ya 0.9", moja inatabiri sentimita 17 na nyingine inatabiri ngazi ya Mkaa.

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitengeneza seti nne za data, kila moja nukta 11. Zote nne zina mstari uleule, y = 3 + 0.5x, na R² ileile ya karibu 0.67. Ukizichora, ya kwanza imetawanyika kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu imenyooka ila nukta moja imeruka, ya nne x zote zimesimama pamoja isipokuwa moja iliyo peke yake kule mbali. Usipochora hutajua uko kwenye ipi.

#14 Kibatari
Nimekubali. Lakini sasa yeye alichora na bado akadanganyika.

#15 Bi_Kikokotoo
Hapo umenishika.

#16 Kidau
Mimi nina kisa changu. Nilikuwa napima mche kila baada ya siku kadhaa, x nikaweka tarehe. Tarehe 1 Januari 2024 ulikuwa na sentimita 30, na ulikuwa unapanda kama nusu sentimita kwa siku. Mlinganyo ukaja y = 0.5x − 22616. Nikashtuka. Nikadhani kompyuta ina virusi.

#17 Desimali
#16 ni kwa sababu tarehe kwa Excel ni hesabu ya siku, 1 ni Januari 1 ya mwaka 1900. Hiyo tarehe yako ni siku ya 45292. Kwa hiyo mlinganyo unasema mwaka 1900 unaanza mche wako ulikuwa mita 226 chini ya ardhi. Toa tarehe ya kwanza kwenye tarehe zote, x zianze 0, 4, 9 na kuendelea, utapata y = 0.5x + 30 unayoielewa. Mteremko haubadiliki hata chembe.

Jihadhari pia na lebo ya grafu inayofupisha desimali. Kwa x kubwa kama 45292, mteremko ukikatwa kwa 0.00001 tu, jibu linahama karibu nusu sentimita.

#18 NuktaMkato
Na hiyo hesabu yao ya siku ina kosa, Excel inaamini kulikuwa na Februari 29 mwaka 1900. Haikuwepo. Ililirithi hilo kosa kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, ili mafaili yaelewane. Google Sheets wanaanza siku moja nyuma, ndiyo maana kuanzia Machi 1900 wote wanalingana.

#19 Mkaa_Pembeni
#18 baada ya kupigwa #4 umeamua kurudi na silaha nzito.

#20 NuktaMkato
Heshima lazima irudi 😅 Na nina nadharia nyingine kuhusu mleta mada: mistari iliyofichwa. Ukichuja jedwali, grafu kwa kawaida haichori mistari iliyofichwa, ila SLOPE inaihesabu. Majibu yanatofautiana.

#21 Pembe3
Ni kweli kinachosemwa ila hakiwezi kuleta 1.8. Ficha mistari unavyotaka kwenye data hii, x zikisomwa kama gramu mteremko utabaki karibu na 0.1. Kutoka 0.1 hadi 1.8 lazima x zenyewe ziwe zimebadilishwa.

#22 Chuma_Chakavu
Au aliulazimisha mstari upite sifuri? Kuna kisanduku cha kuweka tiki pale pale chini ya chaguo za mstari.

#23 Bi_Kikokotoo
Angelazimisha, lile 9.7 lisingekuwepo kabisa, mlinganyo ungekuwa y = 0.2567x. Na kwa springi ni kosa hata kabla ya hesabu: bila uzito wowote springi ina urefu wake, haiwi sifuri. Na ile R² inayotoka baada ya kulazimisha sifuri hukokotolewa kwa namna nyingine, usiilinganishe na ya kawaida ukasema "imepanda".

#24 Chekecheke
Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa na pilika. Mrejesho: nimefungua faili jipya, nimeandika namba zote upya kwa mkono, nikachagua Scatter. Imekuja y = 0.0985x + 11.075, R² = 0.9985. Gramu 60 inatoa 16.985. Nimeirudisha ripoti. Asanteni sana, uzi ufungwe.

#25 MzeeWaJedwali
Scatter. Nilisema.

#26 Pembe3
Ameandika upya kwa mkono pia mzee. Amebadilisha vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Hiyo haithibitishi cha kwako wala changu.

#27 Desimali
Chekecheke, faili la zamani lipo? Desimali nne tu tunaomba.

#28 Chekecheke
Nililihifadhi jipya kwa jina lilelile. Likafuta la zamani.

#29 Desimali
😭

#30 MzeeWaJedwali
Picha ya grafu kwenye ripoti ya kwanza unayo? Mhimili wa chini ulionyesha nini? Kwenye Line ungeona 10, 20, 40, 50, 80, 100 zimepangwa kwa nafasi sawa, yaani kutoka 80 hadi 100 ni sawa na kutoka 40 hadi 50. Au ungeona 1 hadi 6. Kwenye Scatter ya Pembe3 mhimili ungeanza 0 na kuishia 7 au 8.

#31 Chekecheke
Picha ninayo. Ila namba za chini nilizifuta, niliona zinajaza. Zimebaki nukta sita na mstari wa mwelekeo. Nukta zimepishana sawasawa.

#32 Pembe3
Zingepishana sawasawa kwa njia zote mbili. Umefuta ushahidi kama jambazi mzoefu.

#33 MzeeWaJedwali
Nukta tupu? Line ya kawaida inaunganisha nukta kwa mistari. Uliifuta?

#34 Chekecheke
Grafu alianza kuitengeneza mdogo wangu, mimi nikamalizia. Anasema kuna mstari alikuwa ameufuta kwa sababu "ulikuwa unazubaisha". Hakumbuki ni upi.

#35 MzeeWaJedwali
Ndiyo huo! Ukichagua safu mbili zenye namba na vichwa vyake ukaomba Line, inachora mistari MIWILI, gramu nayo inageuka kuwa mstari. Dogo akaufuta wa gramu. Baada ya hapo x hazipo tena, zimebaki 1 hadi 6.

#36 Pembe3
Au alichagua Scatter yenye mistari ya kuunganisha, akaiondoa. Hiyo ipo kwenye menyu ileile, picha inayofuata. Muulize dogo kama kwenye seli za gramu aliandika "g".

#37 Chekecheke
Anasema "labda moja, ya kwanza, halafu nikaacha".

#38 Desimali
Ya kwanza ni 10. Bila hiyo jozi SLOPE ingetoa 0.0990 hivi. Bado 0.10 😭😭

#39 Kibatari
Swali la pembeni. Huu mstari hutafutwa kwa kupiga mraba umbali wa kila nukta na kufanya jumla yake iwe ndogo kabisa. Kwa nini tunapiga mraba? Kwa nini tusijumlishe tu umbali wa nukta kutoka kwenye mstari?

#40 Bi_Kikokotoo
Ukijumlisha bila mraba, za juu na za chini zinafutana. Chukua mstari wa mleta mada, mabaki yake (urefu uliopimwa toa ule wa mstari) ni 0.04, −0.145, 0.185, 0, −0.155, 0.075. Jumlisha: sifuri. Na itakuwa sifuri kwa mstari wowote unaopita kwenye wastani wa x na y, hata ule uliolala kabisa. Mraba unaondoa alama ya kutoa na unaadhibu zaidi kosa kubwa. Ungeweza kutumia umbali bila alama, watu wanafanya, ila hapo hupati fomula fupi kama ile ya 591 kwa 6000.

#41 Chuma_Chakavu
Mwanahisabati Gauss ndiye alileta mambo ya mraba, 1795.

#42 NuktaMkato
#41 wa kwanza kuchapisha ni Legendre, 1805. Gauss alichapisha 1809 akasema alikuwa anaitumia tangu 1795. Wakagombana. Kama Mzee na Pembe3, ila kwa barua.

#43 MzeeWaJedwali
Mimi na Pembe3 hatugombani. Yeye anakosea, mimi namvumilia.

#44 Kidau
Ile jeki ya Data Analysis mbona hamjaitaja? Mimi natumia hiyo, unaenda kwenye Options, Add-ins, unawasha Analysis ToolPak, inakuletea jedwali zima.

#45 Desimali
Ni nzuri, na ingemsaidia mleta mada maana ikikuta maandishi kwenye data inagoma na kukuambia. Ubaya wake, jibu lake limekufa: ukibadilisha namba moja kwenye data, jedwali la majibu halibadiliki mpaka uiendeshe tena. Nimeona mtu anawasilisha majibu ya wiki iliyopita juu ya data ya leo, bila kujua. LINEST inatoa karibu yote hayo na inabaki hai. =LINEST(B2:B7,A2:A7,TRUE,TRUE), na kwenye matoleo ya zamani uchague kwanza seli 5 kwenda chini na 2 kwenda pembeni, ubonyeze Ctrl+Shift+Enter. Mstari wa pili ndio watu wengi wanauruka: unakupa kosa sanifu la mteremko, yaani kadirio la kiasi ambacho mteremko unaweza kuyumba. Hapa ni 0.0019, kwa hiyo 0.0985 imesimama imara.

#46 Kidau
LINEST haina majina ya safu, unabaki unabahatisha ipi ni ipi.

#47 Desimali
Kweli. Juu kushoto mteremko, kulia kwake pale inapokata y, chini yake makosa yao sanifu, mstari wa tatu unaanza na R². Hiyo mistari mitatu inatosha kuishi.

#48 Chekecheke
Ripoti imepokelewa. Ila ameuliza tena: gramu 500 je?

#49 Mkaa_Pembeni
😂😂😂

#50 Bi_Kikokotoo
Mstari utasema 60.3. Wewe usiseme. Hukupima chochote kupita gramu 100, na springi ikivutwa mno hairudi ilivyokuwa. Mwandikie kwamba data yako inaishia 100.

#51 Chekecheke
Nimemwandikia. Kasema "vizuri". Hakuna alama nyekundu safari hii.

#52 Pembe3
Hongera. Sasa mpigie dogo, mwambie afungue historia ya faili, pengine toleo la zamani limehifadhiwa.

#53 Chekecheke
Faili lilikuwa kwenye flashi.

#54 Desimali
Najitoa kwenye huu uzi.

#55 Nyota_ya_Jana
Habarini, mimi mgeni. SLOPE yangu inaandika #N/A, naomba msaada, nimesoma uzi wote sijaona.

#56 MzeeWaJedwali
Karibu. Safu ya y na ya x hazina urefu sawa. Moja umeishia mstari wa 20, nyingine wa 21.

#57 Pembe3
Au kuna seli ndani ya data yenyewe ina #N/A.

#58 Mkaa_Pembeni
Nyota, kabla hujagusa chochote: hifadhi faili kwa jina jingine.